Mtama Mchachu wa Pasi

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye kitambulisho chake tu. Kwingine kote, kazini, mtaani, hata kwa muuza nafaka, aliitwa Pasi. Wasiomjua walidhani ni kwa ajili ya kazi yake, maana alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na miaka yake mingi aliimaliza kwenye mvuke, amesimama kati ya mlima wa mashuka na mlima wa makoti ya madaktari. Wafuaji wenzake walijua zaidi. Pasi alikuwa mtu wa kukaa kimya asubuhi nzima, ungesema hayupo, halafu mtu akijisahau akamwonea mnyonge mbele yake, lingemtoka neno moja tu, na neno hilo lilichoma.

Ajabu ni kwamba nyumbani kwa mumewe moto huo haukuwahi kuwaka. Mume mwenyewe hakuwa mpigaji wala mlevi. Alikuwa mtu wa makufuli. Sukari ilikaa kabatini, na kabati lilikuwa na kufuli. Redio ilikaa sandukuni, na sanduku lilikuwa na kufuli. Alipokwenda safari alifunga lango kwa nje, mke akabaki ndani na kuku wake. Kazini alimruhusu kwenda, kwa sababu mshahara haujui kuja nyumbani wenyewe. Mara mbili Pasi alikimbilia kwao, na mara mbili mama yake alimkunjia nguo zake upya, akamshika mkono hadi kwa mumewe, akimsihi njia nzima kwa sauti ya chini: "Vumilia, mwanangu. Watu watasemaje?"

Mara ya tatu hakuomba ushauri wa mtu. Alitokea mchana kweupe, mkono mmoja sanduku, kwapani kuku jike mwekundu mwenye mguu mbovu tangu alipobanwa na lango la mume. Kaka yake mkubwa alikuwa barazani anakata kucha.

"Shikamoo, kaka."

Kaka aliangalia sanduku, akaangalia kuku. "Umekuja kwa siku ngapi?" aliuliza, salamu hajaiitikia bado.

"Nimekuja," alisema Pasi, akapita kwenda uani.

Nyumba ile aliiacha marehemu baba yao bila kuigawa. Mbele kulikuwa na vyumba vizuri, sebule na baraza, na huko aliishi kaka na mkewe. Nyuma, ng'ambo ya ua, kulikuwa na safu ya vyumba vitatu vilivyoezekwa bati. Kimoja alilala mama. Viwili vilikuwa vimejaa vyuma vya baiskeli, madebe na milango isiyo na nyumba. Kaka alikuwa ameipaka nyumba rangi mwaka mmoja nyuma, ya maziwa juu na kahawia chini, na tangu rangi ile ikauke alikuwa akisema "nyumba yangu" bila kumeza mate. Pasi hakubishana naye. Alikunja mikono ya gauni, akatoa vyuma vyote nje, akafagia, akapiga deki, akatandika. Jioni ile alikuwa na vyumba viwili, na yule kuku mwekundu alikuwa amelala juu ya tawi la chini la mpera kama mtu aliyelipia nafasi yake.

Kuku mmoja hakubaki mmoja. Jogoo wa jirani alijua njia ya kupita chini ya uzio, na kabla ya mvua kuisha, mwekundu alikuwa anatembeza vifaranga nyuma ya bafu. Pasi hakuwafungia. Alfajiri waliteremka mperani wakatawanyika: huyu kwenye majani, huyu kwenye takataka, wale wanafukua chini ya tangi la maji wakitafuta mchwa. Chakula cha duka hawakukijua. Aliwaongezea mtama mkavu wanapokuwa wamehangaika sana kiangazi, basi.

Mtama mchachu ulianza kwa ajali. Bati la chumba cha pili lilivuja, na gunia la mtama likalowa upande mmoja. Pasi alimimina ile sehemu iliyolowa ndani ya ndoo, akaongeza maji ya kuosha vumbi, akawa na nia ya kuuanika. Hapo hapo akaitwa kazini. Wagonjwa walikuwa wamejaa hospitali na mashuka yalikuwa hayatoshi, wapiga pasi wakawa wanarudi nyumbani kulala tu. Alipokuja kuikumbuka ndoo, ilikuwa na povu juu na vipovu vidogo vinapanda pembeni, na harufu yake ilimgonga pua. Aliinusa tena. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa ukali safi, kama maziwa yaliyoganda vizuri. Alitaka kuimwaga, akainamisha ndoo ukingoni mwa ua, na kabla hajamaliza kuinamisha, kuku walimfika miguuni. Walikula mtama ule kwa vurugu ambayo hakuwahi kuiona. Kisha wakanyamaza, wakajipangusa midomo kwenye majani, wakaenda kulala kivulini wameshiba.

Kuanzia hapo akaushika. Alijifunza kwa pua na kwa makosa. Maji yapite juu ya mtama, maana punje inayobaki nje ya maji hupata ukungu. Kifuniko kiegeshwe tu, kisibane, kwa sababu mara ya kwanza alipobana kilimrukia usoni. Akoroge asubuhi na jioni. Akimaliza ndoo abakize maji ya zamani kidogo chini, ndoo mpya iwahi kuchachuka. Ndoo moja ilimharibikia kabisa, ikaota ukungu mweusi na kunuka kama soksi ya mlinzi, na hiyo aliifukia shimoni bila huruma. Zilizobaki zilikwenda vizuri. Kuku walikula kidogo wakashiba zaidi, manyoya yakang'aa, na mayai yakawa na ganda gumu la kugonga mara mbili kabla halijapasuka. Mtaani walianza kuulizana siri yake ni nini. Pasi alisema, "Uvivu. Nilisahau ndoo."

Jioni alikuwa akigonga kifuniko cha bati kwa mwiko, mara chache tu, na kuku walikuja kutoka kila upande wanakimbia, mbawa wazi, miguu haigusi chini. Mama yake alikuwa anatoa kiti chake mlangoni kuangalia. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, msikivu sana, asiyependa sauti kupanda. Tangu Pasi arudi, mama na binti walikuwa wanasalimiana, wanapeana sahani, wanaulizana afya. La mume halikuzungumzwa.

Aliyezungumza alikuwa wifi.

Tuseme haki, wifi alikuwa na kesi. Alikuwa na vyungu vya maua barazani, amevipanga kwa ustadi, na kuku wa Pasi walivifukua mpaka mizizi ikawa inaota jua. Walikunya kwenye ngazi. Jogoo mmoja alikuwa na tabia ya kuingia sebuleni na kujitazama kwenye kioo cha kabati akitafuta ugomvi. Wifi alikuja uani amefunga kitambaa puani.

"Wifi, mimi sina neno na wewe," alianza, kama waanzavyo wenye maneno mengi. "Lakini kitu kimechacha humu uani na nyumba nzima inanuka."

"Kimechachuka," Pasi alisema. "Kuchacha ni kitu kingine. Kikichacha nakifukia."

"Mimi pua yangu haijui tofauti."

"Maua nitakulipia kwa mbolea. Na nitaweka mawe juu ya vyungu wasifukue."

Mawe aliweka kweli, siku ile ile, na mbolea alipeleka. Jogoo alimwekea mlango wa wavu pale sebuleni, akaupigilia misumari mwenyewe. Wifi aliona hayo, akashukuru kwa kichwa, lakini harufu ilibaki palepale, na malalamiko yakahamia kwa mwenye sauti. Kaka akaja. Alisimama katikati ya ua, viatu vyake vya kazini vinang'aa, akasema ndoo zile asizione tena nje.

"Sawa, kaka," alisema Pasi.

Kesho yake ndoo hazikuwepo nje. Zilikuwa chini ya kitanda chake. Alilala juu ya mtama uliokuwa unachemka taratibu kama tumbo la mtoto, na kazini wenzake wakaanza kumnusa.

"Leo umejipaka marashi gani, Pasi?"

"Ya ukaidi," alijibu, akageuza koti la daktari upande wa pili.

Kaka hakuridhika. Aliagiza seremala amtengenezee banda la waya, refu na jembamba, la kuwekwa ukutani, akaamuru kuku wote waingie humo, wawe wanaletewa chakula cha unga. Pasi alilizunguka banda lile akilitazama. Lilikuwa na kitasa, na kwenye kitasa kaka alikuwa ameshaning'iniza kufuli jipya la shaba, na funguo zake mbili bado zimefungwa uzi. Alilitoa kufuli, akalitia mfukoni mwa gauni. Kisha akaenda chumbani, akaburuta ndoo zake moja moja kutoka chini ya kitanda, akazipanga ndani ya banda, akafunga mlango wake. Kufuli alilirudisha barazani, akaliweka juu ya kiti cha kaka.

Jioni kaka alikuja kukagua.

"Banda lina ndoo," alisema.

"Naona."

"Nilileta banda la kuku."

"Kuku wamelikataa. Ndoo hazikulalamika. Na panya hawazifikii tena, asante sana, kaka."

Kutoka mlangoni kwake mama alikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia jambo jingine. Kaka aligeuka, akamtazama, mama akatazama chini.

Wiki hiyo iliisha kwa ubaridi. Jumamosi kaka alikuwa na mgeni wa chakula cha mchana, mkuu wake wa kazi na familia yake, na tangu asubuhi nyumba ya mbele ilikuwa inang'arishwa. Pasi alikuwa mapumzikoni. Alikuwa ameketi kwenye kibao karibu na banda, ndoo moja kati ya magoti yake, anakoroga, aliposikia kengele ya baiskeli langoni. Aliingia mchuuzi wa kuku, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, anasukuma baiskeli yenye matenga mawili matupu. Nyuma yake alikuwa kaka, ameshavaa nguo za wageni.

"Ndio hao," kaka alisema akionyesha ua mzima kwa mkono. "Chukua wote."

Pasi alidhani amesikia vibaya. "Wote gani?"

"Nimekuvumilia vya kutosha," kaka alisema bila kumtazama. "Nilikuambia toa ndoo, ukaziingiza ndani. Nikaleta banda, ukanifanyia mzaha. Leo nina mgeni wa heshima, siwezi kumkaribisha kwenye banda la kuku. Utapewa fedha yako. Sitaki ugomvi."

"Hutaki ugomvi," alisema Pasi, "lakini umekuja na matenga."

Mchuuzi alikuwa mtu wa kazi yake na hakutaka kujua habari za familia. Alivua kofia, akaanza. Lakini kuku wa Pasi hawakuwahi kushikwa mchana tangu waanguliwe. Alimnyatia mmoja nyuma ya tangi, akapita mikononi mwake kama sabuni. Alimziba mwingine kwenye kona ya bafu, akaruka juu ya bega lake. Watatu walipanda mperani. Jogoo alikimbilia kwenye paa la nyumba ya mbele, akawika kutoka huko. Kaka alivua saa yake, akaiweka mfukoni, akaingia uwanjani mwenyewe. Akawa anapanua mikono na kusema "sh, sh," huku anainua miguu juu asichafue viatu. Wifi alitoka na mwiko wa jikoni kutazama, akaufunika mdomo wake kwa mwiko huo huo. Pasi aliendelea kukoroga.

Mwishowe mchuuzi alisimama akihema. "Bosi, hawa si kuku, hawa ni njiwa. Mwenye kuwalisha awaite."

Kaka alimgeukia dada yake. "Waite."

"Siwaiti."

"Nakuambia gonga hicho kifuniko."

Pasi alikichukua kifuniko cha bati, akakiweka juu ya kibao, akakikalia. "Siwaiti, kaka. Wakamate mwenyewe, ni ua wako, si ndivyo unavyosema?"

Yule mwekundu ndiye aliyeshikwa. Mguu wake mbaya haukumruhusu kukimbia. Mchuuzi alimkuta chini ya kiti cha mama, akamnyanyua bila taabu, akamtia tengani. Kuku yule hakupiga kelele. Aligeuza kichwa upande mmoja, akamtazama Pasi kwa jicho moja kupitia matundu ya tenga.

Pasi aliinuka. Baadaye alisema hakukumbuka kuinuka. Alikumbuka tu kwamba alikuwa bado ameshika ndoo kwa mkono mmoja, na kwamba mkono mwingine ulikuwa tayari unafungua kamba ya tenga, na kwamba kaka yake alikuwa amefika.

"Usiguse," kaka alisema.

"Huyu nilikuja naye."

"Usiguse, nasema. Hii ni nyumba yangu."

"Ni nyumba ya baba. Wewe umeipaka rangi."

Kaka aliinyakua ndoo, labda akidhani akiwa na ndoo atakuwa na kuku. Pasi hakuiachia. Walivutana wawili wale kama watoto waliokuwa zamani, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, mpaka mshikio ukachomoka upande mmoja na ndoo ikapinduka. Mtama wote ulimmwagikia kaka kuanzia magotini. Uliingia viatuni, ukaganda kwenye soksi, ukatiririka maji yake meupe kwenye suruali iliyopigwa pasi na mtu asiye hodari.

Hakuna aliyegonga kifuniko. Haikuhitajika. Kuku walikuja wenyewe. Waliteremka mperani, wakatoka nyuma ya bafu, jogoo akaruka kutoka paani, na wote wakamzingira kaka wakimdonoa viatu, soksi, pindo za suruali, wakipandana migongoni. Alirudi nyuma, nao wakamfuata. Aliinua mguu mmoja, wakauhamia mwingine. Wifi aliingia ndani kwa haraka, na sauti iliyosikika kutoka jikoni haikuwa kilio.

Mchuuzi naye alicheka mpaka akashika baiskeli. Kisha akajifuta macho, akakumbuka kazi, akainama. Kuku wote walikuwa pale, vichwa chini, rahisi kuliko nyanya sokoni. Pasi alisimama mbele yake.

"Ukimshika mmoja, umeiba," alimwambia. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ile sauti ya chumba cha kufulia. "Mimi ndiye mwenye kuku, na mimi siuzi."

Mchuuzi alijinyoosha. Alimtazama yeye, akamtazama kaka aliyekuwa bado anapiga mateke hewani. "Jamani, mimi nanunua kwa mwenye mali," alisema. "Nikinunua cha mtu mwingine, kesho naitwa mwizi mimi, si nyinyi. Mwenye mali ni nani?"

"Mimi," alisema kaka.

"Mimi," alisema Pasi.

Mchuuzi alitafuta mtu wa tatu. Akamwona mama, amesimama mlangoni kwake, mkono umeshika fremu. "Mama, samahani. Kuku hawa ni wa nani?"

Mama aliiachia fremu. Alimtazama mwanawe wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa anamnunulia dawa, na ambaye hakuwahi kumnyima kitu. Pasi aliyajua macho yale. Alikuwa ameyaona mara mbili mlangoni kwa mumewe, macho ya mtu anayetafuta njia ambayo haitapandisha sauti ya mtu yeyote, na moyo wake ulianza kujifunga mapema ili usiumie.

"Ni wa huyu," mama alisema, akamnyooshea Pasi kidole. Kisha, kana kwamba maneno yale yalikuwa yamefungua mengine, akaendelea, kwa sauti ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia. "Kuku ni wake. Vyumba ni vyake. Anakaa hapa kama unavyokaa wewe, na asiyeweza harufu afunge dirisha. Na wewe baba mwenye matenga, mfungulie huyo mwekundu uende zako, jua linapanda."

Mchuuzi alifungua tenga. Mwekundu alitoka akichechemea, akaelekea moja kwa moja kwenye viatu vya kaka, akaanza kula na wenzake.

Mgeni alikuja, akala, akaondoka. Pasi hakumwona wala hakutafuta kumwona. Alikuwa chumbani, amelala chali. Alasiri mama aliingia, akaketi pembeni ya kitanda.

"Nilikurudisha mara mbili," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Niliogopa watu."

"Najua."

Mama alingoja. Pasi hakumwambia kwamba yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha, na alikuwa amechoka kusema mambo ili mtu mwingine ajisikie vizuri. Lakini alisogea, akampisha nafasi, na mama akanyoosha miguu akalala kando yake. Walilala hivyo mpaka kuku walipoanza kulalamika nje.

Kaka hakumsemesha kwa muda mrefu. Alijenga uzio wa mabati kukata ua katikati, mbele kwake, nyuma kwa Pasi, akaupaka rangi ya maziwa juu na kahawia chini. Pasi alimshukuru moyoni, kwa sababu alikuwa amemchorea mpaka ambao yeye mwenyewe asingethubutu kuuomba. Kuku waliuona uzio ule kama kiti cha kupumzikia kabla ya kuendelea na safari. Wale wakorofi zaidi aliwapunguza manyoya ya ubawa mmoja kwa mkasi wa kazini. Hakuipenda kazi ile, aliifanya kwa ajili ya maua ya wifi, na aliifanya akiwa amekunja uso. Jogoo hakupunguzwa. Hakukamatika.

Wifi alikuwa wa kwanza kuuvuka mpaka. Asubuhi moja alisimama upande wake wa mabati, ikaonekana mikono tu na sufuria.

"Wifi, nina wali wa jana. Kuku wako wanakula?"

"Umechacha?"

"Bado."

"Basi ulete, nikauchachushe."

Sufuria ilipita juu, na ikarudi na mayai. Baada ya hapo likawa jambo la kawaida, ingawa lilifanywa saa ambazo kaka yuko kazini.

Mama aliihamishia ndoo moja karibu na kiti chake. Hakuomba. Alikuwa anakoroga na kunusa, na Pasi akirudi kutoka hospitali anamkuta na lawama tayari: maji umeweka kidogo, hii ya leo imelala, haitoi povu, kifuniko hiki kichafu. Pasi alimjibu kila lawama. Walibishana kuhusu mtama jioni nzima, kwa sauti za juu, milango wazi, na mtu yeyote aliyetaka kusikiliza alisikiliza.

Mume alituma mjumbe, shemeji mmoja mpole, aseme kwamba mwenyewe amebadilika na kwamba kabati sasa liko wazi. Pasi alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa na mayai ya kuondoka nayo, akamwambia, "Mwambie kabati lake alifurahie." Mama alikuwepo. Alikoroga ndoo yake, hakusema la kuvumilia wala la watu.

Na kila asubuhi, kaka akipita nyuma kwenda kuchukua gari lake, maana uzio ulikuwa umeacha njia ya gari ubavuni mwa vyumba vya uani, alikuwa anajiziba pua na mdomo kwa leso nyeupe. Pasi alikuwa hapo, mwiko mkononi, kuku miguuni, tayari kwa kazi.

"Shikamoo, kaka," alimwamkia, kwa adabu zote, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Mdogo akiamkia, mkubwa huitikia, na mtaa mzima ulikuwa unapita. Kaka alikuwa hana budi kuishusha leso.

"Marahaba," alisema, akavuta pumzi yake ya harufu ile, akaingia garini.